Mipira Niliyowapa Wapinzani

Sharafiya, Jeddah
Ijumaa, mchana

Nafula mwanangu,

Nimekaa kwenye hoteli ya Wahindi, meza ya kona, chai ya maziwa iko mbele yangu. Mwenye hoteli ananitupia macho kwa sababu nimeagiza kikombe kimoja na nimekalia meza ya watu wanne. Na anitazame! Kesho asubuhi mtoto wangu anaondoka nyumbani kwenda chuo kikuu, na leo ndiyo siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo meza hii siiachi mpaka nimalize. Naandika kwa mkono, halafu nitapiga picha kila ukurasa nikutumie. Mwandiko ukiona unayumba, ujue ni furaha. Tangu juzi natembea jikoni nikijisemea "uhandisi wa umeme, uhandisi wa umeme," mpaka Reem akaniuliza kama nasali.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala kufuli la sanduku, wala marafiki wabaya. Hayo Kukhu ameshakuambia, na kama namjua mama yangu, atayarudia tena gari la Eldoret likianza kuondoka. Mimi nataka kukueleza habari za mpira. Unajua kipande kimoja tu, kwamba mamako alienda Riyadh akacheza, akakupigia simu akipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Leo nakupa yote, hasa yale niliyoyaficha.

Reem unamjua kwa jina. Ni binti wa nyumba ninayofanya kazi hapa Al-Safa, amekuzidi miaka michache tu. Alisoma Amerika, na aliporudi, pamoja na shahada yake alirudi na mchezo. Mchana mmoja nilikuwa juu ya paa nikianika shuka. Mpira ukapaa kutoka uani, ukavuka ukuta wa paa, ukatua ndani ya beseni langu. Nikachungulia. Reem alikuwa kule chini karibu na geti, ameshika kiuno.

"Nekesa, tafadhali, nirushie!"

Ulikuwa mpira wa ajabu, umechongoka pande zote mbili kama papai, na upande mmoja una kamba zilizoshonwa. Nikaweka vidole kwenye kamba hizo kwa sababu ndipo pekee palipokuwa na pa kushika. Nikaurusha jinsi tulivyokuwa tukirusha mawe kufukuza tumbili kwenye mahindi, kule kwetu chini ya Mlima Elgon. Ukaenda ukizunguka kama pia, ukapita juu ya gari la Baba, ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, ukamfikia Reem kifuani. Aliudaka akarudi nyuma kidogo. Akautazama mpira, akanitazama. Kisha akasema, "Subiri," akaurudisha juu kwa nguvu zake zote. "Rusha tena."

Nikarusha tena, na tena. Ndani, madam, mama yake Reem, alikuwa akiniita kwa matamshi yake, "Nakisa! Nakisa! Wali!" Wali uliungua siku hiyo, Nafula. Uliungua vibaya, na nilisemwa mpaka jioni, lakini mkono wangu ulikuwa umeamka.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ila sisi hatuangushani kama wale wanaume wa kwenye televisheni. Tunacheza watano kwa watano. Kila mtu amefunga mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni, na aliye na mpira akichomolewa kitambaa, anasimama hapo hapo. Mnapewa nafasi chache za kuusogeza mpira mpaka mstari wa mwisho. Katika kila timu kuna mrushaji mmoja. Mpira unaanza mikononi mwake, anatazama wenzake wakikimbia huku na huku, anachagua wa kumpa. Mpinzani akiudaka kabla ya mwenzako, basi mpira ni wao. Huko ndiko kupoteza mpira, na hakuna jambo baya kuliko hilo.

Timu ya Reem ilikuwa haina mrushaji. Nikawa mimi.

Nilimvuta na Mwanaisha, anayefanya kazi nyumba ya jirani, mtu wa Kisauni, Mombasa, mwenye miguu ya swala na mdomo usiopumzika. Yeye akawa wa kukimbia mbali na kudaka. Ijumaa badala ya kuja huku Sharafiya kuzurura madukani, tukawa tunapanda gari la Reem kwenda kwenye kiwanja cha wanawake. Mechi ya kwanza, mpira wangu wa kwanza, nilimrushia Mwanaisha mbali kabisa. Akaudaka huku anakimbia, ushungi umemkaza kichwani, akavuka mstari. Wanawake waliokuwa pembeni wakapiga vigelegele. Mimi! Mama wa miaka arobaini, mfua nguo, nashangiliwa kwa lugha nisizozijua!

Sifa ni tamu. Kuanzia hapo nikawa narusha nikitafuta vile vigelegele. Sikumpa tena mtu aliye karibu na asiyezuiwa, niliona ni kazi ya watoto. Narusha mbali, katikati ya watu, na ukidakwa nasikia raha mpaka kwenye unyayo. Ila mara nyingi haukudakwa na wetu. Siku moja Mwanaisha alisimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni, akanipigia kelele mbele ya kila mtu.

"We Nekesa! Wanirushia mimi au wawarushia wao? Niambie nijue, nisikimbie bure!"

Tulifungwa siku hiyo, na wiki iliyofuata, na nyingine. Tukiwa njiani kurudi, Reem aliegesha gari pembeni akazima redio.

"Nekesa, wale hawatuzidi kwa lolote," akasema. "Tunafungwa siku unazowapa mpira. Ukiwapa mmoja, tunahangaika lakini tunarudi. Ukiwapa wa pili, tunatafuta pumzi. Wa tatu, halas, ni heri twende nyumbani."

"Si kila mrushaji hupoteza?"

"Kila mmoja. Hata wale wanaolipwa mamilioni kule Amerika. Lakini timu zinazoshinda msimu mzima, mara nyingi ni zile ambazo mrushaji wao hupoteza kwa nadra. Na wewe shida yako si ule wa kwanza."

"Ni upi?"

"Wa pili. Wa kwanza ni bahati mbaya, mtu ameteleza, jua limekuingia machoni. Wa pili unatoka kwenye hasira. Unataka kurudisha kila kitu kwa mpira mmoja."

Mwanaisha, aliyekuwa nyuma akila ndizi, akasema, "Kweli kabisa," na hakuongeza neno, jambo ambalo kwake ni nadra.

Kesho yake nilikuwa napiga deki sebuleni, na maneno ya Reem yakanijia yakiwa na sura yako. Nilisimama na fimbo ya deki mkononi. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikuahidi nitakuja Krismasi. Nilikuahidi bila kumuuliza madam, bila kujua likizo inapatikana vipi, kwa sababu ulikuwa unalia kwenye simu na nilitaka unyamaze. Ukanyamaza. Krismasi ikafika sikuja. Sasa badala ya kusema, "Mwanangu, nilikosea," nikarusha kubwa zaidi. Nikasema nitakuja Pasaka, na nitakuchukua twende Kisumu, tulale hoteli. Ukawaambia wenzako shuleni. Pasaka nayo unajua ilivyokuwa. Ahadi ya kwanza ilikuwa bahati mbaya ya mama mgeni asiyejua mambo. Ya pili niliitoa kwa aibu, nikitaka kufuta ya kwanza. Nakuandikia haya nikiwa natabasamu, kwa sababu yalipita, lakini siku ile nilipiga deki sehemu moja mpaka madam akaniuliza kama nimemwaga mafuta.

Basi nikaamua kubadilika. Ungedhani hapo ndipo nilipokuwa mrushaji mzuri. Wapi! Nilikuwa mwoga. Mechi iliyofuata niliushika mpira kama yai la kuku anayeatamia. Mwanaisha yuko peke yake kule mbele anapunga mikono, mimi naona labda kuna mtu atatokea, natupa mpira nje ya uwanja. Reem yuko huru, nasita mpaka nachomolewa kitambaa. Sikupoteza mpira hata mmoja. Tulifungwa goli moja, sisi hatukufika mstarini hata mara moja.

"Leo hujawapa mpira," Reem akaniambia.

"Eeh," nikasema, nikingoja sifa.

"Na hatujashinda."

Mwanaisha akamalizia: "Umeuficha mpira kama mwizi wa kuku. Wale hawakuupata, na sisi hatukuupata. Sasa nani alicheza?"

Wiki hiyohiyo ulinipigia simu. Kumbuka wakati ule jinsi nilivyokuwa. Nilishaacha kuahidi chochote. Uliniuliza nitakuja lini, nikakuuliza kama mvua imenyesha. Uliniambia umekuwa wa kwanza kwenye fizikia, nikasema vizuri, ng'ombe wa Kukhu hajambo? Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitaahidi tena. Ukaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Mama, umechoka na mimi?"

Nafula, sijawahi kudondosha kitu kizito kama kile. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni. Hapo ndipo nilipokuambia, mara ya kwanza, kila kitu: kwamba hata Krismasi ya mwaka huo sitakuja kwa sababu mkataba haujafika mwisho, kwamba zile ahadi zilikuwa makosa yangu, kwamba sijachoka na wewe hata kwa dakika moja. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema ukweli, nikakuambia nilikuwa nacheza mpira. Ulifikiri nakutania.

"Mama, wewe? Unakimbia?"

"Sikimbii. Narusha."

"Kukhu! Kukhu, njoo! Mama anacheza mpira Uarabuni!"

Nikamsikia mama yangu akiuliza kama nimeugua. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kilikuwa kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu ukiwa mdogo, na nilikipata kwa kusema mambo yalivyo. Tangu Ijumaa hiyo nikarusha tofauti. Nilikuwa natazama kwanza. Nikiona mtu yuko huru, nampa, awe karibu au mbali. Nisipomwona mtu, nautupa nje, tunaanza upya, hakuna aliyekufa. Na tukaanza kushinda! Si kila mechi, lakini tulishinda zaidi ya tulivyofungwa. Ndipo timu ya Riyadh ilipotualika.

Sasa ruhusa. Mechi iliwekwa Ijumaa, na madam alikuwa na wageni siku hiyo. Reem alijaribu kumwomba akashindwa, akaniachia mimi. Nilimkuta anakunywa kahawa, nikamwambia nitapika kila kitu Alhamisi, kitabaki kupashwa moto tu. Akaweka kikombe chini.

"Anayerusha ni wewe au Reem?"

"Ni mimi, madam."

"Basi nenda. Reem akirusha, mtafungwa."

Kumbe alikuwa akitutazama dirishani kila tulipofanya mazoezi uani! Sikujua nicheke au nimbusu mkono. Nilipika siku hiyo kama mtu anayepikia harusi yake mwenyewe.

Tulipanda ndege Alhamisi jioni. Tukalala hoteli huko Olaya, kati ya yale majengo ya vioo. Asubuhi nimeamka, nimetandika kitanda, nimefuta sinki, nimekunja taulo. Mlango ukagongwa. Msafishaji akaingia, akatazama chumba, akanitazama.

"Hiki chumba nani alikisafisha?"

Alisema kwa Kiswahili, akijisemea. Nikamjibu, "Ni mimi, dadangu." Alishtuka! Mtu wa Webuye, tumetoka karibu, anaitwa Nasimiyu. Nikamwambia nimekuja kucheza mpira, akakaa kwenye kile kitanda nilichotandika akacheka akijipiga mapaja. "Miaka yote hii Riyadh, sijawahi kukuta mgeni wa Bungoma," akasema. "Leo mfungeni mtu, kwa ajili yangu."

Kiwanjani wenyeji walikuwa na msichana mmoja mrefu, mikono kama matawi, kazi yake kunyakua mipira ya warushaji. Nafasi yetu ya kwanza kabisa, nilimrushia Reem karibu. Yule mrefu akatokea sijui wapi, akaudaka, akakimbia nao mpaka mwisho wa upande wetu. Kelele! Mpira wangu wa kwanza Riyadh, na nimewafungia wao.

Nikausikia ule moto wa zamani ukipanda kifuani. Mwanaisha alikuwa amenikodolea macho, anajua kinachokuja. Reem akaja karibu. Nilidhani atanifokea. Akasema tu, "Huo ni wa kwanza."

Nikavuta pumzi. Nikampa Reem tena, palepale, kidogo tu. Akadaka. Nikampa Mwanaisha, kidogo. Nikautupa mmoja nje, watu wakazomea, na wazomee. Kidogo kidogo tukafika mstarini. Wao wakafunga tena, sisi tukafunga tena. Mpaka mwisho walikuwa wametuzidi kidogo tu, na tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja tu ya kurusha, mbali na mstari. Sikuwa nimewapa mwingine.

Tukainamiana vichwa. Mwanaisha alikuwa anahema. Reem akaniuliza, "Unaona nini?"

Na kweli nilikuwa nimeona. Yule mrefu alikuwa amechoka kungoja. Mechi nzima nilikuwa nikirusha karibu, na kila safari alikuwa anasogea mbele zaidi, anataka kuninyakulia mpira. Nyuma yake palikuwa peupe. Nikasema, "Nitamtazama Reem. Mwanaisha, wewe nenda, usigeuke mpaka nikuite."

Nikapewa mpira. Nikamtazama Reem kwa macho yote, nikainua mkono kama nampa. Yule mrefu akaruka mbele. Na mimi nikaita, "Mwanaisha!" nikaurusha mbali kuliko nilivyowahi kurusha maishani, Nafula, ukapita juu ya vidole vya yule mrefu, naapa karibu umguse kucha, ukaenda ukizunguka. Mwanaisha akageuka. Ukamgonga viganjani, ukaruka juu, ukamgonga begani, akaukumbatia tumboni huku anapiga magoti, akainuka, akavuka mstari anapiga mayowe ya Kisauni. Nilikimbia. Mimi nisiyekimbia! Reem alinirukia mgongoni tukaanguka wote. Hapo ndipo nilipokupigia simu, na ndiyo maana hukuelewa neno hata moja.

Mwanangu, nimeandika mpaka chai imepoa. Sijui uhandisi. Sijui Eldoret kuna baridi kiasi gani, wala watu utakaoketi nao darasani. Najua tu kwamba utakosea, na nakuambia hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Utafeli mtihani fulani. Utamwamini mtu asiyefaa. Utachagua njia, na baada ya muhula mmoja uone siyo. Hayo hayanitishi, na usikae chumbani kwa kuyaogopa. Ninaloomba ni moja: likitokea, nipigie siku hiyohiyo, kabla hujaanza kulirekebisha. Usingoje uwe na jibu la kuniletea. Niletee habari yenyewe, ikiwa bado mbichi, ikiwa bado inauma. Sitapiga kelele. Nitakuuliza kwanza kama umekula, halafu nitakuambia, "Huo ni wa kwanza," tukae nao wawili kidogo, tutazame uwanja.

Reem amefika nje, anapiga honi, na Mwanaisha ametoa kichwa dirishani ananiita mbele ya watu kama muuza samaki. Mazoezi yameanza upya. Mwenye hoteli atafurahi kupata meza yake. Panda gari kesho ukiwa umenyoosha shingo, Nafula, na ukifika, usiniambie umefika salama tu. Niambie ulichoona.

Mamako,
Nekesa